Wasomaji wa Kaimati Wanatoka Wapi? Tathmini Yangu ya Google Analytics

Mwezi wa Januari 2025 nilikwenda soko la Marikiti hapa Mombasa kumwona mfanyabiashara wa viungo ambaye familia yetu imekuwa ikinunua kwake iliki na mdalasini tangu siku za mama. Nilikuwa na ombi: alipie tangazo dogo kwenye tovuti yangu ya mapishi kwa mwezi wa Ramadhani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akampimia mteja mwingine robo ya bizari nyembamba, kisha akaniuliza, "Sasa dada yangu, hao wasomaji wako ni watu wa wapi? Duka langu liko hapa. Mtu wa London atanifaa nini?"

Nilikosa jibu. Idadi ya watu wanaofungua kurasa zangu kwa mwezi nilikuwa naijua, na nilikuwa naitaja kwa fahari. Wanatoka wapi na wamepita njia gani kunifikia, hayo sikuyajua, na chombo cha kunieleza kilikuwa kimekaa ndani ya tovuti yangu tangu 2019, nilipoianza. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeniwekea Google Analytics wakati huo, nami nikawa naifungua kutazama mstari unapanda au unashuka, basi. Siku ile nilirudi nyumbani Mji wa Kale nikakaa nayo usiku kucha. Ninayoyaandika hapa ni matokeo ya karibu mwaka mzima wa kuitumia kwa dhati, pamoja na Search Console ambayo pia ni ya Google na ya bure, na Plausible, chombo kingine cha kuhesabu wageni wa tovuti, ambayo niliilipia kwa miezi minne.

Kwanza asili yake, kwa kifupi. Google waliinunua kampuni ya Urchin mwaka wa 2005, na Novemba mwaka huohuo wakaitoa Google Analytics kwa watu wote bila malipo. Jina la Urchin halijafutika: zile herufi utm mnazoziona kwenye linki ndefu ndefu, ile u ni ya Urchin. Toleo la sasa, GA4, lilitoka Oktoba 2020. La zamani liliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye hata ripoti zake za nyuma zikaondolewa. Takwimu za zamani hazihamishiki kuingia GA4. Nashukuru kwamba nilikuwa nimezipakua zangu. Nina majedwali ya Ramadhani nne kwenye kompyuta, kuanzia 2020. Ukiwa na tovuti, fanya hivyo kila mwaka, hata kama huoni haja yake leo.

Sasa tuingie jikoni. Ripoti ya vyanzo iko katika sehemu mbili zinazofanana kwa sura, na watu wengi huzichanganya. Moja inakueleza msomaji alikupata vipi mara ya kwanza kabisa. Nyingine inakueleza amekuja vipi safari hii. Tofauti hii si ndogo. Dada mmoja wa Muscat anaweza kuwa alinipata mwaka jana kwa kutafuta vitumbua Google, lakini siku hizi anakuja kwa barua pepe yangu ya Alhamisi. Katika ripoti ya kwanza anahesabiwa upande wa utafutaji, katika ya pili upande wa barua pepe, na zote mbili ni kweli. Ninapotaka kujua nani ananiletea watu wapya naangalia ya kwanza. Ninapotaka kujua nani anawarudisha naangalia ya pili.

Nilipofungua ripoti hiyo ya pili niliona fungu kubwa kuliko yote limeandikwa Direct, yaani moja kwa moja. Maelezo ya kawaida ni kwamba hawa ni watu walioandika anwani ya tovuti yako wenyewe au walioihifadhi kwenye simu. Zaidi ya nusu ya wasomaji wangu walikuwa humo. Nikajiuliza, ni nani hawa wote wanaoikumbuka anwani yangu herufi kwa herufi, tena ya ukurasa wa mkate wa sinia, ambayo ina maneno sita na vistari katikati?

Hawakuwa wakiandika anwani. Walikuwa WhatsApp. Kwa kawaida mtu akibofya linki kwenye tovuti moja kwenda nyingine, kivinjari chake hubeba taarifa ya alikotoka na kuikabidhi anakoenda. Linki inapofunguliwa kutoka ndani ya programu ya ujumbe, taarifa ile mara nyingi haibebwi. Mgeni anabisha hodi, na tovuti haijui ametoka mlango gani, kwa hiyo anatupwa kwenye fungu la moja kwa moja. Kwetu sisi ambao mapishi husafiri kutoka grupu la ukoo kwenda grupu la madrasa, kwenda la chama cha akina mama, fungu hilo linameza sehemu kubwa ya maisha yetu. Anayeandika kwa ajili ya watu wa pwani akiliamini jina la fungu hilo atafanya maamuzi ya makosa, kama nilivyofanya mimi kwa miaka mitano: nilidhani nina jina kubwa, kumbe nina wanawake wakarimu wanaonisambaza.

Dawa yake ipo, na ni ya bure. Mwezi wa Shaabani nilianza kuweka alama kwenye kila linki ninayoituma mwenyewe. Mwishoni mwa anwani unaongeza alama ya kuuliza, kisha utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=ramadhani2025, na Google Analytics inasoma maneno hayo mtu anapofika. Ramadhani ilipoisha, fungu la moja kwa moja lilikuwa limepungua mpaka karibu theluthi, na sehemu iliyotoka humo ilikuwa imekaa mahali pake, ina jina. Kati ya yote niliyojifunza, hilo peke yake lilinilipa usiku ule wa kukesha.

Lakini alama hizi zina adabu zake, nami nilizijua kwa kukosea. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo WhatsApp na whatsapp zikawa vyanzo viwili kwenye ripoti yangu. Halafu mimi ni mtu wa Kiswahili, basi kwenye utm_medium ya barua pepe niliandika barua. Wasomaji wale wote waliingia kwenye fungu la Unassigned, yaani wasio na kwao, kwa sababu kanuni za Google zinatambua maneno maalumu kama email na social, na barua si mojawapo. Unaweza kutengeneza mafungu yako mwenyewe yenye majina yako, na baadaye nilifanya hivyo. Ila kwa anayeanza, tumia maneno inayoyajua. Na usiweke alama hizi kwenye linki za ndani ya tovuti yako, kutoka ukurasa wa biriani kwenda wa kachumbari. Utavuruga hesabu ya alikotoka mgeni.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba alama husafiri na linki. Mtu wa WhatsApp akiinakili anwani nzima na kuibandika Facebook, wageni wake wote watahesabiwa kuwa wa WhatsApp. Siku hizi siichukui nambari yoyote kwa usahihi wa dirhamu. Naichukua kama kipimo cha kibaba.

Niseme habari ya Ashburn, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza. Kwenye orodha ya miji, Ashburn katika jimbo la Virginia, Marekani, ilikuwa juu ya Malindi na juu ya Lamu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimewaweka watu hao moyoni. Nilidhani ni familia za kwetu zilizohamia huko, na nilianza hata kuandika vipimo vya unga kwa vikombe vya Kimarekani ili wasipate taabu. Nilipomwonyesha mtoto wa kaka yangu aliniambia kwa upole, "Shangazi, hao si watu. Ule ni mji wa seva." Ni kweli. Ashburn ina mojawapo ya mikusanyiko mikubwa zaidi ya vituo vya data duniani, na programu nyingi zinazotembelea tovuti zenyewe kwa zenyewe huendeshwa humo. Google Analytics huziondoa zile inazozitambua, lakini nyingine hupenya. Dalili zake nazijua sasa: hazikai hata sekunde chache, hufungua ukurasa mmoja, na karibu zote hujitambulisha kama kompyuta, wakati wasomaji wangu wa kweli wako kwenye simu. Nikiwatoa hao, hesabu yangu ilishuka, na jina la Lamu likapanda.

Vipimo vya vikombe sijaviondoa, kwa kuwa wapo watu wa kweli Toronto na Minneapolis wanaovitumia.

Kuhusu muda wa kukaa, GA4 huhesabu ziara kuwa ya maana ikizidi sekunde 10, au mtu akifungua kurasa mbili, au akifanya tendo uliloliteua kuwa muhimu. Kwa mapishi, sekunde 10 ni chache mno. Mtu hajamaliza hata orodha ya viungo. Tena muda unahesabiwa ukurasa ukiwa wazi mbele ya macho. Mpishi akiweka simu kando akakanda unga, kioo kikazimika, kwa hesabu yao hayupo. Kwa hiyo wale wanaonipenda zaidi, wanaopika kweli, huonekana wamekaa kidogo kuliko anayepitisha macho tu. Hili nalitaja kwa sababu nimewaona wenzangu wakiacha kuandika mapishi marefu kwa kuongozwa na nambari hiyo.

Na wanaoandika mambo ya mfungo wawe macho na ulinganisho wa mwaka kwa mwaka. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda hii ya Januari na Desemba. Mwaka wa 2024 ilianza karibu na tarehe 12 Machi, mwaka wa 2025 mwanzoni mwa Machi, na ya 2026 ni nusu ya pili ya Februari. Ukibofya kitufe cha kulinganisha na mwaka uliopita utaona Februari imepanda sana na mwisho wa Machi umeporomoka, ukadhani umefanya ajabu na maafa katika msimu mmoja. Chagua tarehe kwa mkono, siku ya kwanza ya mfungo kwa siku ya kwanza ya mfungo. GA4 inakuruhusu. Ila kwa ule uchambuzi wa kina unaoujenga mwenyewe, takwimu hubaki miezi miwili tu usipobadilisha mpangilio, na kwa toleo la bure mwisho ni miezi 14. Ibadilishe siku ya kwanza kabisa. Miezi 14 inakufikisha Ramadhani iliyopita, ya juzi yake haifiki.

Search Console ndiyo niliyoipenda kuliko nilivyotazamia. Yenyewe haihusiki na WhatsApp wala Facebook. Inakuonyesha tu watu waliandika nini Google mpaka tovuti yako ikatokea, ilitokea nafasi ya ngapi, na wangapi walibofya, kwa miezi 16 ya nyuma. Mimi ni mtu wa Mombasa. Naandika mahamri, naandika kaimati. Nilipochambua maneno kwa nchi niliona kwamba wengi wanaonifikia kwa kutafuta kwa Kiswahili wako Tanzania, nao wanaandika maandazi, wanaandika kalmati. Wakenya wenzangu wengi hutafuta kwa Kiingereza, hata wanapotafuta chakula cha nyumbani kwao. Sikuyaacha maneno yangu. Nimeyaweka yote mawili kwenye mstari wa kwanza wa kila pishi, na kwenye ukurasa wa mahamri nimeeleza tofauti yake na maandazi ninavyoijua: tui na iliki. Kurasa za mahamri na kaimati zilipanda ndani ya miezi mitatu. Nimefurahi zaidi kwa sababu nyingine: sasa najua naongea na nani, na hata ninapoandika nasikia sauti zao.

Plausible niijadili kwa ufupi. Inaanzia dola 9 kwa mwezi, nami nililipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay. Ukurasa wake ni mmoja, unausoma kwa dakika tano, na faili lake ni jepesi sana, jambo la huruma kwa msomaji anayenunua bando la shilingi ishirini. Haitumii vidakuzi (cookies), yaani vijifaili vya kumtambua msomaji, na kwa anayeijali Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hilo ni raha. Lakini kwa kuwa haimfuatilii mtu kutoka siku moja hadi nyingine, haiwezi kukueleza nani amerudi baada ya wiki. Kwangu mimi wanaorudi ndio tovuti yenyewe. Niliiacha kwa hiyo tu. Kwa duka dogo au mwalimu wa tuisheni ningeipendekeza kabla ya GA4. Matomo, ambayo zamani iliitwa Piwik, unaweza kuiweka bure kwenye seva yako na takwimu zikabaki zako, ila inataka seva yenye nguvu na mtu wa kuitunza. Sina vyote viwili.

Swali lililobaki ni la kusawazisha vyanzo vya wasomaji. Miaka miwili nyuma nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii, sitautaja, ulioniletea wasomaji wengi kuliko njia nyingine yoyote. Asubuhi moja ulifungwa bila maelezo. Ulirudi baada ya siku tisa, lakini watu niliokuwa nikiwapata humo hawakurudi nusu yao. Siku zile tisa ndipo nilipoelewa kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini haukusemwa kwa ajili ya pesa tu.

Wengine hufikiri kusawazisha ni kugawa sawasawa, robo Google, robo Facebook, robo kadhaa. Mimi sioni hivyo. Kipimo changu ni swali moja: chanzo hiki kikikatika kesho, bado nitakuwa na watu wa kuwaandikia? Kwa sababu hiyo nilianzisha ile barua pepe ya Alhamisi, kwa kuwa orodha ya majina ni yangu na hakuna wa kuifunga. Nikachapisha pia vibandiko vyenye msimbo wa QR kwa pakiti 200 za bizari ya pilau ninazoziuza mwenyewe. Kila msimbo una alama yake, na mtu akiupiga picha jikoni kwake anafika kwenye pishi la pilau, nami naona kwamba ametoka kwenye pakiti. Ni wachache sana wakilinganishwa na wa Google. Lakini wanakaa, wanasoma kurasa tatu, nne, na wengi hujiandikisha kwenye barua.

Usawa wa nchi nao ni ulinzi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa, njia zangu zote za hapa zilishuka kwa pamoja, utafutaji, WhatsApp, zote. Waliobaki kwenye grafu walikuwa Muscat, London na Toronto. Mwaka wa 2025 chanzo kipya kilianza kujitokeza kwenye orodha, chatgpt.com, bado ni kidogo. Nakitazama, sijakijengea chochote.

Nikiulizwa nyota, Google Analytics naipa nne kwa tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya lugha yake ngumu na kwa sababu ripoti zake huchukua saa 24 hadi 48 kukamilika, kwa hiyo usifanye uamuzi kwa takwimu za leo.

Na ipo sababu ya tatu. Kwa simu, mji unaoonyeshwa mara nyingi ni ule ambako mtandao wa simu umepitia, si alipo mtu. Ripoti yangu ilisema Dar es Salaam, Dar es Salaam, Dar es Salaam. Kwenye fomu ya barua pepe nikaongeza swali moja, unaishi mji gani, la hiari. Wengi wa waliojibu kutoka Tanzania waliandika Tanga. Wengine Pangani, wengine Muheza.

Mwezi uliopita nilirudi Marikiti na karatasi moja. Nilimweleza yule mfanyabiashara kwamba wa Mombasa ni sehemu ndogo, kwamba wa London wapo lakini si wengi, na kwamba kundi kubwa linaloniuliza iliki nzuri linapatikana wapi liko ng'ambo ya Lunga Lunga, si mbali. Hakuuliza habari za tangazo. Aliuliza mabasi ya Tanga huondoka saa ngapi, na kama mzigo wa kilo kumi hupita Horohoro bila taabu. Kisha akachukua kalamu, akageuza kasha tupu la mdalasini, akaniomba nimtajie ile miji tena, mmoja mmoja, aandike.